Foto moja kila siku ya posho, na ile ya wiki ya saba

Mwanzo wa mwezi wa tisa nilijiwekea kanuni fupi: kila siku ya posho nipige foto moja kwa telefone yangu, niitoe mbele ya watu siku hiyohiyo, na nisiache mpaka mwezi wa kumi na moja uishe. Ukihesabu ni wiki kumi na tatu. Baadhi yenu mulizifuata zile foto, mukaziwekea mioyo, mukaniandikia "kuraje". Asanteni. Leo nataka kuzikosoa kama vile ningekosoa kazi ya mtu mwingine, kwa sababu pale unif tulijifunza kutoboa TFC za wenzetu mpaka ukurasa wa mwisho, lakini ya kujitoboa mwenyewe hakuna aliyetupatia kozi.

Hesabu kwanza. Foto kumi na tatu. Nzuri kwa macho, nne. Zenye kufaa kitu, labda sita. Ya uongo, moja. Hiyo ya uongo njo imenifanya niandike, lakini siwezi kuieleza vizuri bila kupitia zingine.

Wazo halikuwa langu. Rafiki mmoja anayesoma Ubelgiji alinitumia orodha ya mada za otoni, wiki kwa wiki: majani makavu, ukungu wa asubuhi, taa inayowashwa mapema, kitambaa cha shingoni, boga. Watu wengi duniani wanafanya miradi ya namna hii, foto moja kila wiki, 52 kwa mwaka, na otoni wanaipenda sana kwa sababu kwao kila kitu kinageuka wakati huo. Miti inabadilika rangi, siku inafupika, watu wanabadilisha nguo. Mpiga foto hana kazi kubwa ya kutafuta. Akisimama dirishani wiki moja na tena wiki inayofuata, dunia yenyewe imeshamfanyia nusu ya kazi.

Kiswahili chetu kinajikwaa hapohapo. Fungua kamusi, utaambiwa otoni ni majira ya vuli. Sawa, lakini kwa mtu wa Mombasa ao Zanzibar vuli ni mvua, ile mvua fupi ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na hakuna jani jekundu hata moja ndani yake. Na huku kwetu hata hilo neno vuli hulisikii. Tuna wakati wa mvua, tuna kipwa, basi. Kisangani iko karibu nusu digrii tu juu ya ikweta. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili ya asubuhi na linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, mwezi wa tatu sawa na mwezi wa kumi. Mvua haikosi mwezi, karibu milimita 1,700 ao 1,800 kwa mwaka, na mwezi wa kumi ni kati ya ile inayopata nyingi zaidi. Taa inayowashwa mapema? Kwetu swali si mapema wala kuchelewa, swali ni kama kuna umeme.

Mimi nilifuata orodha hata hivyo. Wiki ya kwanza nilienda ndani ya lupango ya jirani, nikakusanya majani ya muembe kwa ufagio, nikayapanga, nikapiga. Mama mwenye lupango alisimama mlangoni ananitazama. Akauliza: "Sasa hii takataka ukishamaliza kuipiga foto, utaitupa?" Nikaitupa. Iangalieni tena ile foto: ni takataka iliyopangwa vizuri. Hakuna wiki ndani yake, hakuna Kisangani. Ingeweza kupigwa mwezi wa pili. Wiki ya pili niliamka mapema nikaenda daraja ya Tshopo kutafuta ukungu, na ukungu ulikuwepo kweli, foto ikatoka nzuri sana, mukaipenda. Lakini ni nzuri kwa namna ya kadi ya salamu. Ninaiweka ndani ya zile nne, siiweki ndani ya zile sita.

Tulikuwa watu watano tulioanza pamoja. Wiki ya tano tulibaki watatu, mwezi wa kumi na moja tulibaki wawili. Wale walioacha hawakuwa wavivu. Waliishiwa na mada, kwa sababu mada zilitoka mahali pengine. Ukishapiga jani, ukungu na taa, orodha inakuomba boga, na wewe unaenda soko kuu kununua boga la kupiga foto wakati nyumbani wanangojea feza ya pondu. Hapo mradi unakufa, na haki yake.

Lakini si kweli kwamba huku majani hayaanguki. Hili nililijua kwa kuchelewa, na kama ningelijua mwezi wa tisa ningefanya mradi mwingine kabisa.

Munajua Yangambi, karibu kilometa 100 kufuata mto. Wabelgiji waliweka pale kituo kikubwa cha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa 1933. Sasa, kati ya 1937 na 1958, watu wa kituo kile walikuwa wanapita ndani ya msitu wiki kwa wiki na kuandika hali ya miti: huu umetoa maua, huu una matunda, huu unaangusha majani. Zaidi ya miti 2,000, zaidi ya spishi 500, miaka ishirini. Alama ndogo za mkono ndani ya meza za karatasi. Zile karatasi zilikaa ndani ya akiba miaka na miaka, mpaka mtafiti Koen Hufkens na wenzake walipozipiga picha na kuanzisha mradi unaoitwa Jungle Rhythms, ambapo watu wa kujitolea kupitia intaneti walizisoma na kuziingiza ndani ya kompyuta, alama moja kwa moja.

Na kinachoonekana pale ni hiki: msitu wetu una otoni nyingi, kila aina ya mti na ya kwake. Mti mmoja unabaki mifupa mitupu wakati jirani yake, hatua tano tu, amejaa kijani. Mtu anayekuja wiki moja kama mtalii ataapa kwamba huku hakuna majira. Yule anayerudi kila wiki kwa mti uleule, miaka, ndiye anayeyaona. Ninamfikiria sana yule aliyetembea na karatasi. Wiki nyingi kwa mti mmoja hakuna kinachotokea, hakuna ua, hakuna tunda, majani yako palepale. Hakuna mtu angemwekea moyo kwa wiki kama ile. Alienda hata hivyo, na leo ukitaka kujua kama tabia ya msitu huu imebadilika, unahitaji hasa zile wiki ambazo hakukutokea kitu.

Ni sawa na maji. Mwezi wa kwanza 2024 pale Kinshasa mto ulifika meta 6.20, na watu wakasema haujawahi kupanda hivi tangu 1961, ulipofika 6.26. Tunawezaje kusema hivyo? Kwa sababu kuna mtu alikuwa anasoma kile kipimo siku ambazo maji hayakutisha mtu yeyote.

Basi, wiki ya tatu. Hii wiki ninaikosoa kwa ukali zaidi, kwa sababu ninaiba.

Wengi wenu munamjua Kiripi Katembo, hata kama jina limewatoka. Alizaliwa Goma 1979, akasomea uchoraji kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, na kwa miaka kadhaa, kuanzia karibu 2008, alipiga mfululizo wa foto unaoitwa "Un regard": Kinshasa inayoonekana ndani ya madimbwi ya mvua. Anapiga dimbwi, halafu anaigeuza foto juu chini, hivi mtu anasimama wima, nyumba inasimama wima, lakini mawe na vifuniko vya chupa vilivyokuwa ndani ya maji vinaning'inia hewani kama sayari. Moja ya foto zile ilikuwa bango la tamasha la Avignon, Ufaransa, 2013. Mwaka 2015 zilitundikwa Paris ndani ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo pale Fondation Cartier, na mwezi wa nane wa mwaka uleule, maonyesho yangali wazi, Katembo akafa kwa malaria. Alikuwa na miaka 36. Kuna watu wanapenda kufanya shairi juu ya madimbwi na mbu. Mimi sitaki.

Ninachotaka kusema ni kwamba ile ndiyo kazi ya mvua iliyo bora ambayo Mkongomani amefanya kwa kamera, na kwamba ukiiangalia haraka inakudanganya. Wiki ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikapata dimbwi zuri Makiso, toleka moja inapita na abiria wake nyuma, nikapiga, nikageuza. Mioyo ilimiminika. Moja yenu aliandika kwamba ninafanana na Katembo. Pole, sifanani naye hata kidogo. Yeye alikuwa na tatizo la kweli: alieleza kwamba watu wa Kinshasa hawapendi kupigwa foto usoni, wanakasirika, wanakimbia. Dimbwi lilikuwa jibu. Lilimruhusu kumtazama mtu bila kumnyang'anya uso. Pia lilimlazimisha kuacha uchafu ndani ya picha, kwa sababu maji ya barabarani ndiyo yenye uchafu. Mtindo ulitoka kwenye tatizo. Mimi nilikuwa na mtindo bila tatizo. Hata nilitoa kile kimfuko cha plastiki kilichoelea pembeni mbele ya kupiga, na hapo ndipo unaona tofauti: yeye angekiacha, kingekuwa wingu lake.

Hata hivyo simwachi Katembo bila neno. Kuna foto ndani ya "Un regard" ambazo kwangu ni tamu mno. Rangi ya buluu, rangi ya manjano, karatasi kubwa ukutani, na mtu wa Paris anaweza kusimama mbele yake dakika tano bila kukumbuka kwamba lile ni tope na linanuka. Umaskini ukigeuzwa juu chini unaweza kupendeza kuliko ukibaki wima. Nadhani mwenyewe aliiona hatari ile, kwa sababu majina aliyozipatia baadhi ya foto ni makali: moja inaitwa "Tenir", nyingine "Subir". Kushikilia, kuvumilia. Si majina ya mtu anayecheza na maji. Lakini jina linaandikwa chini kwa herufi ndogo, na rangi inaonekana toka mlangoni.

Na tena, kumbuka kwamba alianza na kidogo. Ile filamu yake fupi, "Voiture en carton", aliifanya kwa telefone iliyowekwa ndani ya kigari cha katoni, kinavutwa barabarani. Yule anayeniambia "mimi ningefanya mradi kama ningekuwa na kamera" aende aitafute.

Wiki ya nne njo mradi ulianza kweli, na ulianza kwa bahati. Nilikuwa ninavuka kwenda Lubunga kwa mjomba. Pale libongo kuna ngazi ya saruji ya zamani inayoteremka mpaka majini, imevunjika pembeni. Nilipokuwa ninangojea pirogi ijae, nikahesabu vidato vilivyo nje ya maji: kumi na moja. Nikapiga. Sikuwa na mada siku ile, nilikuwa na mvua tu kichwani. Wiki ya tano nikarudi, vikawa kumi. Wiki ya sita, tisa. Nikashtuka kwa furaha, kwa sababu kumbe niko na otoni yangu. Mto unapanda toka mwezi wa tisa na kuendelea, kila mtoto wa Boyoma anajua, lakini kujua na kuona kidato kinazama mbele ya macho yako siku ya posho moja mpaka nyingine ni mambo mawili. Mukosoaji mmoja wenu aliniuliza kwa nini ninapiga foto ileile. Nilikasirika, halafu nikaelewa kwamba ananisifu bila kujua.

Kasoro za zile foto za ngazi ni nyingi, nazo ni kasoro za kazi, si za bahati. Sikuweka alama mahali pa kusimama. Wiki moja niko kushoto, wiki nyingine nimesogea meta mbili juu ya mama aliyekuwa anaosha samaki, na ukizipanga pamoja kidato cha juu kinarukaruka. Saa pia: mara asubuhi, mara jioni. Yule wa Yangambi angenicheka. Foto zenye kufaa ningesema sita, lakini kwa ukali wa kweli ni nne.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuna watu. Zipange zote: saruji, maji, saruji, maji. Pale libongo siku ya posho huwezi kupata nafasi ya kuweka mguu, kuna mama wenye vikapu vya mkaa na mihogo, kuna wanafunzi, kuna baskeli zinazobebwa juu ya bega, na mimi nilifanya mji mtupu. Kwa nini? Niliogopa kuomba. Wiki ya tano mama mmoja aliniona ninainua telefone akapaaza sauti: "Weye, unatupigaka foto ya nini? Utatuuzisha kwa bazungu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikageuza telefone kwa maji. Katembo alipokutana na swali lile alitafuta njia. Mimi nilitafuta pembe isiyo na mtu. Hapo ndipo ninajiona mdogo.

Swali la yule mama si la mchezo. Fikirieni foto za mji huu ambazo dunia inazo. Kuna za mwezi wa kumi na moja 1964, askari wa miamvuli wa Ubelgiji wanaanguka Stanleyville. Kuna za vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mitaa yetu na raia wakafa kwa mamia. Kuna Wawagenia, kila mara Wawagenia, wanaume juu ya miti na vikapu vyao vikubwa ndani ya maporomoko, tangu wakati wa kadi za posta za mkoloni mpaka leo. Vita na vikapu. Kila anayekuja anapiga na kuondoka nazo. Sasa nionyeshe siku ya posho ya kawaida, soko, mwaka 1987. Nionyeshe libongo wiki moja mbele ya vita, wakati watu walikuwa wanavuka tu kwenda kwa mjomba. Labda ziko ndani ya albamu za familia, zile zilizopona kwa maji, mchwa na kukimbia. Mama wa libongo hakatai foto. Anauliza itabaki kwa nani, na hakuna mtu amewahi kumjibu.

Kwa hiyo munaelewa kwa nini wiki ya saba inaniuma.

Wiki ya saba ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi. Siku mbili hatukuwa na umeme kwetu, mvua ilianza usiku na haikuacha, na pale wanapochajisha telefone kwa jenereta kulikuwa na msururu mpaka barabarani. Telefone yangu ilikufa ijumaa jioni. Ilipoamka siku ya posho ilikuwa saa mbili ya usiku, giza, matope mpaka magoti. Mradi ulikuwa umekwenda wiki sita bila kukosa na nilikuwa nimeanza kujivuna. Wiki ya tano nilikuwa nimepiga foto mbili. Ile ya pili ilikuwa bado ndani. Nikaitoa, nikaandika "wiki ya 7", nikalala.

Hakuna aliyejua. Ilipata mioyo kuliko zote za ngazi. Mwanga wake ulikuwa mzuri, kusema kweli.

Wiki ya kumi nilikuwa ninangojea pirogi, papa mmoja mpiga kasia, ambaye alikuwa ameshanizoea, akaomba aone "zile ngazi zako". Nikampa telefone. Akawa anapitisha kidole polepole, anatikisa kichwa, anafurahi. Alipofika ya saba akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Leki, hii si ya ile juma."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ile juma maji ilishafunika ile jiwe. Hapa jiwe iko naonekana. Ulipigaka lini?"

Sikujibu. Hakunikemea, alinirudishia telefone, abiria wakajaa, tukavuka. Lakini hesabu ilibaki pale: wiki ya tano vidato kumi, wiki ya sita tisa, wiki ya saba kumi. Kama kuna mwanafunzi wa jeografia ambaye siku moja atazichukua foto zangu kwa uzito, ataandika kwamba katikati ya mwezi wa kumi mto ulishuka. Nami ningekuwa nimefanya jambo moja tu ambalo wale waliokuja na kuondoka hawakulifanya: kusema uongo juu ya maji mbele ya mtu anayeyapiga kasia kila siku.

Mutaniambia ni foto ya telefone, si ripoti. Nimejiambia hivyo pia, wiki tatu nzima. Lakini kama ni mchezo tu, basi kwa nini kuhesabu wiki? Kuna Mmarekani, Jamie Livingston, aliyeanza tarehe 31 mwezi wa tatu 1979 kupiga Polaroid moja kila siku. Moja tu. Alifika zaidi ya 6,000. Nyingi ni za kawaida kabisa: sahani, rafiki amelala, dirisha. Otoni ya 1997 unaona hospitali, unaona kichwa bila nywele, unaona pia arusi, halafu tarehe 25 mwezi wa kumi, siku aliyotimiza miaka 41, mfululizo unaisha kwa sababu amekufa. Kinachokushika koo hapo si uzuri wa foto yoyote. Ni kwamba unaamini tarehe. Chukua foto kumi tu, badilisha tarehe zake ili mfululizo usiwe na pengo, na kazi yote inaanguka, hata zile zilizo za kweli, kwa sababu hujui tena ni zipi.

Na pengo lenyewe lingesema kitu. Lingesema: Kisangani, mwezi wa kumi, siku mbili bila umeme, mvua, msururu wa kuchajisha. Hiyo ndiyo ilikuwa foto ya wiki ile, na mimi niliifunika kwa mwanga mzuri wa wiki ya tano.

Zilizobaki nitazipita haraka. Wiki ya nane ni sawa, vidato saba, ingawa imepinda. Wiki ya tisa mtu mmoja mwenye sare alinisimamisha, akashika telefone, akaniomba nifute, tukazungumza muda mrefu kuhusu nani aliniruhusu kupiga foto ya mto, na mwishowe niliipiga ya haraka toka ndani ya pirogi, ngazi inaonekana ndogo kama kiberiti. Kwa hesabu haifai. Lakini ndiyo pekee yenye migongo ya watu, sita wamekaa mbele yangu, na shingo ya papa anayeinama kwa kasia, na kila ninapoirudia ninaipenda zaidi. Wiki ya kumi na moja na ya kumi na mbili nilichora msalaba kwa chaki mahali pa kusimama. Mvua ilifuta ule wa kwanza, niliuchora tena. Wiki ya kumi na tatu, vidato vinne. Mama wa "utatuuzisha kwa bazungu" yuko pembeni kushoto, amekubali, kwa sharti kwamba nimletee moja ya karatasi. Sijampelekea bado, bei ya kuchapa imenishinda, lakini itaenda.

Ile ya saba nimeiondoa. Mukitafuta mutakuta mahali pake maneno matatu tu: telefone ilikuwa imekufa.

Siku ya posho iliyofuata nilienda libongo bila mradi, kwa kuvuka tu. Papa aliniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo, kumi na tatu zimetimia. Akashangaa. "Umemaliza namna gani? Maji iko napanda bado." Halafu akanionyesha, juu kabisa ya ngazi, kwenye ukuta wa nyumba ya bohari, mstari wa rangi ya mafuta uliofifia, karibu na kifua changu. Mtu fulani aliuchora mwaka fulani maji yalipofika pale. Mwaka haukuandikwa.